Ufunguo wa Duka la Sanda

Kinondoni, baada ya magharibi

Mwanangu Hamisi,

Salamu nitakupa kesho stesheni, kwa mdomo, mbele za watu. Hapa acha niseme yale ambayo mdomo umeyakataa. Umekwenda Temeke kumuaga baba yako mdogo, na mie namjua Juma, hatakuachia mpaka ule, unywe, na usikilize habari za mbuzi wake mmoja mmoja. Basi nyumba ninayo peke yangu, taa ina mafuta, na kalamu umeisahau juu ya sanduku. Naandika kwa herufi za chuoni, za Kurani, maana hizo zenu za skuli mkono wangu hauzijui. Usinicheke. Ukikwama penye mwandiko wangu, soma kwa sauti, utanisikia.

Mambo ya kuchemsha maji, na kutomkopesha mtu koti, na kutolala dirisha wazi, mama yako mkubwa ameshayasema tangu juzi, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Siyarudii. Mie nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni toka siku ile ulipokuja na habari ya kazi.

Uliingia unacheka, kofia mkononi, ukasema, "Mama, nimepata! Morogoro, kwa dalali wa korti." Nikakuuliza dalali wa korti anafanya nini, kana kwamba sijui. Ukanieleza kama mwalimu: "Hakimu akitoa amri, dalali anakwenda kumtoa mpangaji, anafunga duka, anamkabidhi mwenyewe ufunguo. Kazi ya karatasi tu, mama." Mama mkubwa akapiga kigelegele. Mie nikasema, "Kazi zote za mji huu, umeona hiyo?" Nawe ukacheka tena, ukasema, "Si ndiyo inayonifaa? Mie si ndiye niliyetoa ufunguo?"

Halafu ukanawa, ukala, ukalala. Mie sikulala. Kumbe umelibeba miaka yote hii, mtoto wewe! Nilidhani umesahau. Nilikuona hugusi halua, kila Idi sahani inakupita, na mama mkubwa anasema una meno mabovu, nami nikakubali ni meno. Mtu husadiki anachotaka kukisadiki. Hata ile halua aliyokununulia juzi ya safari nimeikuta umemwachia mtoto wa jirani.

Sasa nisikilize. Wewe ulikuwa mtoto wa meno ya maziwa, na unachokumbuka ni mvua na vitu vyetu njiani. Nitakusimulia jinsi vilivyofika njiani.

Baba yako alikuwa na duka Temeke, chumba kimoja cha mbele chenye mlango wa mbao mbili, kinatazama njia ya makaburini. Aliuza sanda. Majora ya bafta, ile nguo nyeupe ya kukatia sanda, karafuu maiti, ubani, udi, marashi, mikeka. Watu waliiona ni biashara ya nuksi, wakimpita upande wa pili wa njia. Yeye akisema, "Waache, kila mmoja wao atakuja kwangu." Wakati wa vita vya Hitla, nguo zilipokuwa hazipatikani na watu wakivaa magunia, aliyaficha majora yake chini ya kitanda chetu ili maiti wa Temeke wasikose cha kuvikwa. Tulilala juu ya sanda za watu, mie na yeye. Wewe umezaliwa juu ya kitanda hicho.

Duka lile lilikuwa na adabu zake. Mteja wa sanda hapigi hodi. Mtu aliyefiwa asubuhi hiyo atapata wapi mdomo wa hodi? Anagonga mlango kwa kiganja, taratibu, na baba yako ameshajua. Hamwulizi habari za nyumbani. Hawavutani bei. Na akishapewa nguo yake, haambiwi karibu tena. Muuza samaki atasema karibu tena, muuza maandazi atasema, hata kinyozi. Sisi hatusemi. Wewe uliwahi kulitamka, ungali mdogo kabisa, kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, ukijiona muungwana. Baba yako alikuziba mdomo kwa mkono wake wote, akamwomba yule mzee radhi mpaka njiani.

Nyumba ilikuwa ya marehemu mzee Nasoro, watu wa maduka tangu enzi za Mjerumani. Baba yako alimpa kilemba, ile fedha ya kuingilia, na mzee akamkabidhi ufunguo mbele ya Juma, akasema, "Hapa utakaa wewe, na wanao wakitaka." Hapakuandikwa kitu. Nani angeandika? Mashahidi ni Mungu na Juma, ikaisha. Mzee akafa, nyumba ikamwangukia mwanawe, Bwana Seif. Seif alitaka kufungua hoteli pale, maana njia ilikuwa inaanza kupata watu. Akamwomba baba yako ahame. Baba yako akakataa. Wakaendelea kusalimiana na kuswali safu moja. Hakuwa mtu mbaya, Seif. Lishike hilo, maana ungependa awe mbaya, na mie ningependa zaidi yako.

Baba yako akapata homa. Alhamisi alikuwa anauza, Jumatatu akavikwa bafta iliyotoka kwenye rafu yake mwenyewe. Juma ndiye aliyeikata. Seif alileta gunia la mchele kwenye matanga, akalia kweli, si machozi ya kuonyesha watu.

Nami nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo za kaniki, pazia mlangoni. Hata kabla sijaizoea ile kaniki, Juma akaja, akakaa nje ya pazia, akasema, "Shemeji, nipe ufunguo niliendeshe duka mpaka utakapotoka. Watu wanagonga pale hawapati jibu." Alikuwa anasema alichokuwa anasema, Hamisi, hakuna zaidi. Lakini mie nilikuwa nimewaona wajane wa Temeke, mmoja mmoja, wanatoka eda wanakuta ndugu wa mume wamekalia mpaka kitanda. Nikamjibu, "Duka litafungwa mpaka nitoke mwenyewe. Asiyekuwa na haraka atangoja." Akasema haya. Hakurudia, na alikuwa na haki ya kuudhika.

Nilimwogopa shemeji yangu, na mwenye nyumba sikumwogopa hata chembe.

Masika yalipokaribia, Seif akaja. Akasimama mbali na pazia, kwa heshima zote, akasema, "Bi Zuhura, lile paa linavuja upande wa kaskazini. Bafta itaoza ndani. Nipe ufunguo nilitazame kabla ya mvua." Na kweli lilikuwa linavuja, baba yako alikuwa akilalamika kila mwaka. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Mie siwezi kumtokea mwanamume ajinabi, asiye jamaa. Nikakuita. Ulikuwa uani unacheza na vifuu. Nikakufungulia pindo, nikakuweka ule ufunguo kiganjani, nikakwambia, "Mpe Bwana Seif." Ukakimbia nao. Ulikuwa mzito kwa mkono wako, nilikuona umeushika kwa mikono miwili. Seif akakupa kipande cha halua, ukarudi mdomo umejaa, unafurahi.

Paa alilitengeneza. Hakusema uongo. Ila ufunguo haukurudi, na mie sikuuliza, maana nilijua nikitoka eda nitauomba.

Mwanangu, mie sikuwa nimefanya biashara hata siku moja. Nilikuwa mke wa mfanyabiashara, na hayo ni mambo mawili. Sikujua kwamba kwa wenye maduka anayerudisha ufunguo amerudisha nyumba. Baba yako alijua. Alikuwa halali bila ule ufunguo chini ya mto, nami nikimtania kwamba kaoa wake wawili.

Kisha akaja tarishi na karatasi ya korti. Hakunikuta uso kwa uso, akamwachia Juma. Juma akaisomesha, akaja mbio, kanzu imeloa jasho. "Shemeji, Seif ameshtaki. Anataka duka. Anasema marehemu alikuwa mpangaji, marehemu hayupo, duka limefungwa, na ufunguo umerudishwa. Siku fulani uwe kortini." Nikasema, "Mie nina eda." Akasema, "Nimekwenda kwa shehe kabla ya kuja kwako. Amesema mwenye eda hutoka mchana kwa dharura, ajisitiri, afuatane na wanawake wenzake, jua likichwa awe nyumbani. Mama Mwanaisha wa jirani na mwenzake wako tayari kukusindikiza." Nikasema, "Siendi." Akasema, "Basi nipe mie neno lako. Niseme nimetumwa na wewe. Mie nilikuwepo mzee Nasoro alipompa kaka ufunguo. Nitaapa." Nikamwambia, "Neno langu nitalisema mwenyewe nikitoka."

Utauliza kwa nini. Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Nilikuwa naipenda ile eda. Hilo sijamwambia mtu, hata mama yako mkubwa. Wanawake walikuwa wakija kunitazama, wakitoka nawasikia nje: "Zuhura anakaa eda ya watu wa zamani! Hata uani hatoki ila kwa shida." Nilikuwa nimefiwa, sina kitu, ila nilikuwa na hiyo sifa, nikailamba kama mtoto anavyolamba asali kidoleni. Niende kortini waseme nini? Kaburi halijakauka, mjane yuko barabarani anagombania duka? Hapana. Nilitaka Temeke nzima iseme hapajapata kuwa na mjane kama mimi. Baba yako alikuwa kaburini, na mie niko ndani najipamba kwa kifo chake. Eda haina kosa, nakwambia. Dini ilinifungulia mlango, nikaufunga mwenyewe.

Siku ya kesi Juma alikwenda, bila neno langu. Hakimu akauliza kama yupo mtu wa mjane. Juma akasimama. Akaulizwa, "Umetumwa naye?" Na Juma, wewe unamjua, mtu hata bei ya mbuzi hawezi kudanganya, akasema, "Sikutumwa." Akaambiwa akae. Hakimu akauliza tena kama yupo mtu wa mjane. Seif akasimama akasema mambo yake, na kila alilosema lilikuwa kweli: marehemu amekufa, duka limefungwa toka afe, ufunguo ameupokea kutoka nyumbani kwa mjane, kwa mkono wa mtoto wake. Karatasi iliyotoka pale haikuwa na uongo hata mstari mmoja. Ndiyo maana uliposema kazi ya karatasi tu, nilipata baridi.

Watu wa korti walikuja eda yangu imebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Asubuhi, mvua imekatika kidogo. Nilisikia sauti za watu njiani, kisha ukaingia wewe unahema, "Mama, wanatoa vitu vya baba!" Basi nikatoka. Mie niliyekataa kutoka kwa ajili ya hakimu nilitoka mbio na kaniki yangu, kichwa nusu wazi, mbele ya Temeke nzima.

Dalali alikuwa mtu wa bara, Mkristo, na msalaba mdogo shingoni, na askari mmoja amesimama pembeni. Alikuwa anayatoa majora mwenyewe, mawili mawili, anayapanga juu ya mikeka. Kofia ameivua. Hakutupa hata udi mmoja. Na watu wamesimama mbali, Hamisi, mbali sana. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyesaidia. Nani atagusa sanda asiyoijia? Wanaotoka sokoni walifika pale wakaona nguo nyeupe zimejaa njia, wakauliza kwa kunong'ona, "Wamekufa wangapi?"

Kisha mvua ikarudi. Jora moja likafunguka likaburutwa na maji kuelekea makaburini, na hakuna aliyelifuata.

Yule dalali alinikabili, akasema polepole, Kiswahili cha kutafuta, "Mama, pole. Hakimu aliuliza mara mbili. Mara mbili, mama. Ungemtuma hata mtoto na neno." Kisha akafunga kufuli.

Ungemtuma hata mtoto. Nikageuka, nikakuona wewe. Umeloa, umeshika chupa ya marashi uliyoiokoa, unaniletea. Na mie badala ya kumpigia kelele Seif, au yule dalali, au nafsi yangu, nikakupigia wewe. "Wewe ndiye uliyempa ufunguo!" Kwa sauti, mbele za watu wote. Chupa ikakuponyoka. Mpaka leo nikinusa marashi yale kwenye arusi ya mtu huondoka kwenye jamvi.

Mungu wangu! Mtoto niliyemtuma kwa mkono wangu.

Tukaja huku Kinondoni kwa mama yako mkubwa. Majora yaliyopona nikayaanika, nikayakunja, nikayaweka chini ya kitanda, palepale palipokuwa pake. Sikutaka kuuza. Lakini hakuna aliyewaambia wafiwa. Mara mlango unagongwa kwa kiganja, taratibu, bila hodi, namkuta mtu wa Temeke ametembea mpaka huku kwa kuulizia. Humrudishi mtu wa namna hiyo. Nikaanza kuuza. Na mara nyingine, mwanangu, mlango unagongwa vilevile, nafungua, hapana mtu. Mama mkubwa anasema ni upepo. Upepo hauna kiganja. Ndiyo sababu umekuwa ukipata makofi kwangu kila unapogonga bila kuita, nawe ukadhani mama ana hasira tu.

Sasa lililo baya kuliko yote. Hili hulijui.

Hoteli ya Seif haikupata watu. Nani atakula wali palipouzwa sanda? Wakasema sahani zinanuka karafuu maiti. Akaifunga. Mie nilipozisikia habari hizo nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Kisha siku moja ya Idi, maduka ya mji mzima yamefungwa, watu wamevaa, nikasikia kiganja mlangoni. Nikafungua, Seif. Macho mekundu. "Mama yangu amefariki," akasema. Nikatoa jora, nikapima, nikakata, nikamwekea karafuu maiti na ubani. Alilipa bila kuuliza. Mpaka hapo nilikuwa mke wa baba yako. Alipoinama kuvaa kiatu, nikamwambia, kwa sauti tamu kabisa, "Karibu tena, Bwana Seif."

Alisimama na kiatu kimoja mguuni. Alinitazama, akaelewa. Alikuwa amekulia jirani na duka lile, alizijua adabu zake. Akavaa kile cha pili, akaenda.

Unamkumbuka Abdi, mwanawe, mliyekuwa mkisoma naye chuo, yule aliyekuwa akikuachia ukae karibu na mwalimu? Unakumbuka homa iliyomchukua masika yaliyofuata, ukalia ukakataa kula? Asubuhi ile uliyokuwa chuoni hujui bado, mlango wangu uligongwa kwa kiganja. Seif angeweza kumtuma mtu. Ndugu anao, watumishi anao. Alikuja mwenyewe. Akasema, "Nimekuja tena, Bi Zuhura. Ulinikaribisha."

Nikaikata ile nguo nimekaa chini, fupi, Hamisi, nguo fupi ya mtoto. Nilipomkabidhi aliweka ufunguo juu ya mkeka, ule ule. Akasema, "Chukua. Duka nimeliacha tupu, fanya upendavyo. Nakuomba kitu kimoja, usinikaribishe mara ya tatu."

Shehe nimemwuliza. Amesema kifo hakitumwi na ulimi wa mwanamke, ajali, yaani saa ya kufa, imeandikwa kabla ya mtu kuzaliwa, nisijipe ukubwa nisiokuwa nao. Naamini. Naamini mchana wote. Lakini neno nililisema, na lilisikiwa, na mtu akalijibu. Kuuza sanda nikaacha siku hiyo. Duka la Temeke sijalifungua mpaka leo. Juma hupita akatazama mlango, akaniambia tu, "Umesimama." Na sasa unajua kwa nini nilianza kumpelekea Juma futari kila Ramadhani bila kukosa. Nilimwomba radhi, akasema, "Radhi ya nini, shemeji? Lete hicho chungu."

Kazi yako sikukatazi. Nilitaka kukukataza, nikaona nitakuwa nimekufungia mlango mwingine. Mtu wa kufunga maduka lazima awepo, na yule wa bara alivua kofia. Najua inaweza kufanywa na mtu mwenye moyo. Ila ukifika mlangoni mwa watu na karatasi yako yenye kweli tupu, kabla hujatoa kufuli, uliza kama mna mtu ndani asiyeweza kutoka. Uliza tena. Kama yumo mjinga wa sifa kama mama yako, mwambie kwa ukali, mimi nakupa ruhusa, mwambie, "Bibi, toka useme neno lako, watu hawazikwi na sifa." Huenda akakutukana. Mwache akutukane.

Ufunguo nimeuweka kwenye sanduku lako, ndani ya soksi. Duka ni lako, ukitaka siku moja ulifungue, uuze hata chumvi. Ukitaka uutupe mtoni Morogoro, utupe. Lakini kwanza ushike mkononi uone ulivyo mzito hata kwa mtu mzima, kisha umfikirie mtoto wa vifuu aliyeitwa na mama yake na kuambiwa, "Mpe Bwana Seif." Alitii. Mjumbe hauawi, Hamisi, nami nilikuua wewe mbele za watu na kuwaacha wenye kosa. Ufunguo niliutoa mimi. Niliutoa mimi, kwa mkono wangu, kwa akili zangu. Nilipaswa kukwambia siku ileile, mvuani. Nisamehe, baba.

Kesho stesheni watu watakuambia karibu tena, karibu sana, na mama mkubwa atalisema mara kumi huku analia. Mie sitalisema. Usihesabu kuwa sikutaki. Neno hilo nililitumia vibaya na sina jingine. Wewe hukaribishwi hapa, hapa ni kwako.

Ila siku utakapokuja, likizo au moja kwa moja, usigonge mlango. Nakuomba, mwanangu. Anza kuita hodi ungali barabarani, kwa sauti yote uliyonayo, ulitaje na jina lako, majirani wacheke wakitaka, nipate kujua kuwa anayekuja kwangu ni mtu aliye hai, na ni wewe.

Mama yako,
Zuhura